Kwa Nini Debora Aligeuza Uso

Kila asubuhi Debora na jirani yake Salima walichota maji bombani, wakafagia uwanja kila mmoja kwao, kisha wakaongozana kwenda shule. Walisoma darasa la sita huko Rondo. Darasani walikaa dawati moja, Salima upande wa kulia.

Msimu ule wa mabibo, Debora alianza kutembea akiwa amegeuza uso kulia. Mama yake, Katarina, alipomuuliza, alijibu, "Nimelala vibaya, mama. Shingo inaniuma."

Ukweli ulikuwa mwingine. Alikuwa amepanda mkorosho aliokatazwa kuupanda, tawi likavunjika, akaangukia kichwa. Tangu hapo, akitazama mbele au kulia aliona kila kitu mara mbili. Hata mama yake aliwaona wawili, wote wameshika mwiko. Akigeuza uso, picha ilirudi kuwa moja. Kwa kuogopa kuchapwa, alinyamaza.

Siku ya mtihani wa hisabati, Mwalimu Hussen alisimama mbele ya dawati lao, akachukua karatasi zote mbili.

"Debora, tangu tuanze uso wako umeelekea kwa mwenzako. Na wewe Salima umemwacha anakili. Wote mtapata sifuri."

Salima alikuwa amejisomea wiki nzima huku akibembeleza mdogo wake mgonjwa. Sasa machozi yalimlengalenga. Debora alimwona. Akaona heri achapwe kuliko kumponza rafiki yake.

"Mwalimu, Salima hana kosa," alisema akisimama. "Nageuza uso kwa sababu nikitazama sawasawa naona vitu viwili viwili. Nilianguka kutoka kwenye mkorosho, nikaficha."

Darasa likaguna. Mwalimu Hussen akainua chaki. "Ifuate kwa macho tu. Kichwa kisisogee."

Chaki ilipokwenda kushoto, macho yote mawili yaliifuata. Ilipokwenda kulia, jicho la kulia lilifika katikati likakwama. Mwalimu akashusha mkono polepole.

"Nisameheni, wanangu," alisema, akawarudishia karatasi zao.

Baada ya masomo alimsindikiza Debora nyumbani, akazungumza na mama yake. Kesho yake mama na binti wakaenda hospitali mjini Lindi.

"Shikamoo, daktari," Debora alisalimia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Daktari Agnes, bingwa wa macho. Alimpima, akaagiza kichwa kipigwe picha. Alipoona hakuna damu iliyovuja ndani, akawaeleza.

"Kila jicho huzungushwa na misuli sita midogo. Mmoja uko upande wa nje, karibu na sikio. Kazi yake ni kulivuta jicho litazame nje. Wako haujachanika. Kilichoumia ni mshipa wa fahamu unaouletea amri kutoka kwenye ubongo. Msuli usipopata amri hulegea, na ule wa upande wa pua hulivuta jicho ndani. Hapo kila jicho linatazama kwake, nawe unaona picha mbili."

"Mbona nikigeuza uso naona kimoja?"

"Kwa sababu uso ukielekea kulia, macho hutazama kushoto. Huko msuli huo hauhitajiki."

Alimfunika jicho moja kwa kitambaa maalumu, akamtaka arudi kliniki kila mwezi. Siku za kufunikwa jicho, Salima alimshika mkono njiani na kumsomea ubaoni. Polepole mshipa ukapona. Kliniki ya mwisho, Debora alifuata kalamu ya daktari mpaka pembeni kabisa kulia, na kalamu ikabaki moja. Mama yake alifunika uso kwa khanga akalia.

"Ahsante, daktari," alisema Debora. "Ahsante na wewe, mama. Hukunichapa."

Katarina akajipangusa macho. "Ningekuchapa, maumivu yangeisha siku ileile. Lakini kama ungeendelea kuficha, jicho lako ndilo ningelililia maisha yangu yote. Mwanangu, ukiumia niambie, hata kama umeumia ukifanya nililokukataza. Kosa tutalizungumza baadaye, ukiwa mzima."