Bia ya Mkuu wa Nyalukemba

Citoyen Lwaboshi, mkuu wa mtaa wa Nyalukemba, alikufa ameketi, abakosti, lile koti la watu wa serikali, imefungwa vifungo vyote, povu mdomoni. Hata kufa hakukumtoa kwenye kiti.

Inspekta Bulonza alimtazama bila huzuni. Huyu ndiye aliyewapokonya wajane viwanja asubuhi, na jioni akawalazimisha vijana kucheza ngoma za kuisifu serikali. Mezani palikuwa na chupa ya bia na kikombe. Ndani ya kikombe, chini kabisa, ulibaki unga wa kijivu.

"Sumu ya panya," alisema daktari.

"Kizibo cha chupa kiko wapi?"

Sajini alicheka. "Kizibo cha nini, Shefu? Muuaji tuko naye!"

Muuaji huyo aliitwa Gaston, kijana mwenye jicho lililovimbishwa kwa makofi. Yeye, Philémon na Apolline, binti wa marehemu, walifukuzwa shule kwa kukataa kumchezea ngoma mgeni mmoja wa serikali. Tangu hapo walisimama kila siku sokoni Nyawera, wakitangaza kwamba Lwaboshi amemwibia mama yake Gaston kiwanja.

"Jina?" aliuliza Sajini.

"Gaston."

"Serikali imekataza majina ya ubatizo."

"Basi andika: yule hachezake ngoma."

Sajini aliinua mkono. Inspekta akamzuia.

"Nani alimuua?"

"Ni mimi. Nilifungua chupa kwa barabara, nikatia sumu, nikamuletea. Akakunywa."

"Lwaboshi akunywe chupa yenye umefungua wewe?" Inspekta alitema mate. "Bukavu hii hata mulevi anataka chupa ifunguliwe mbele ya macho yake. Unadanganya vibaya, kijana. Unakinga nani?"

"Ni mimi," Gaston alirudia.

Inspekta aliingia jikoni, akachokoa majivu kwa kijiti. Kizibo kilikuwa humo. Basi chupa ilifunguliwa ndani ya nyumba, na mtu ambaye marehemu hakumwogopa.

Aliporudi, Komanda, mkubwa wake, alikuwa amefika, jasho likimtiririka.

"Kijana amekubali. Funga kazi. Mugeni wa serikali anafika kesho."

"Amekubali uongo, Komanda. Kizibo kilikuwa jikoni."

"Unataka kupoteza kazi juu ya kizibo? Kijana atanyongwa, mutaa utatulia."

Inspekta alitoka hadi uani, walikoketi waombolezaji, Komanda nyuma yake. Apolline alisimama mlangoni, macho makavu.

"Ni wewe ulimupelekea baba yako bia?"

Kabla msichana hajajibu, mjane wa Lwaboshi aliinuka mkekani. Aliitwa Emérence.

"Acha mutoto wangu. Ni mimi."

Komanda alimrukia. "Maman, ingia ndani, tuongee polepole."

"Siingie. Kule ndani munamezaka maneno. Nitasemea hapa, watu wote wasikie."

Waombolezaji walisogea karibu.

"Kesho alitaka kumupeleka Apolline kwa ule mugeni, alale kule, kusudi yeye apewe cheo. Nilipiga magoti. Akaniambia, 'Mutoto ni wangu, sawa vile kiwanja.' Nikaenda jikoni, nikafungua bia."

"Na akakubali chupa imefunguliwa?" aliuliza Inspekta.

"Aliogopaka kila mutu. Lakini mimi hakuniona kama mutu. Ndiyo maana alikunywa."

Komanda alitazama uani. Vinywa vilikuwa vingi mno, hangeweza kuvifunga vyote. "Mufungue kijana," alinong'ona.

Gaston alitoka akisugua mikono. Philémon, aliyekuwa amezuiwa langoni, alipenya akamkumbatia. Apolline aliwafuata.

"Ulifikiri ni mimi?"

"Nilifikiri."

"Na ulitaka wakunyonge? Mupumbavu wewe," alisema, akaangua kilio chake cha kwanza siku ile, akimshika shati.

Emérence alinyoosha mikono afungwe pingu. Inspekta alizifunga taratibu, kichwa kimeinama. Walipopita mbele ya Komanda, mjane alisimama, akamkagua kuanzia viatu hadi kofia.

"Mugeni akifika kesho, Komanda, umupelekee binti yako."