Jina Lililotolewa Mierebini

Risten alikwenda kuokota kuni. Hilo tu ndilo lililompeleka kule juu.

Ingekuwa kwingine ningekwambia ilikuwa magharibi, kiza kikiingia. Lakini kaskazini ya mbali, mwezi wa saba, magharibi haipo. Jua huteremka mpaka mabegani mwa vilima, likaduwaa hapo jekundu, halafu likapanda tena. Kuna watu wanaamini mabaya yote hungoja giza. Waambie hivyo watu wa mto Deatnu, watakuangalia tu kwa huruma, kisha watakumiminia kahawa.

Walikuwa safarini, yeye na mumewe Niillas. Walitoka mji wa Alta na gari lao kuukuu, hema limefungwa juu kwenye keria, wakaivuka nyika nzima ya Finnmark wakilala popote walipochokea. Daktari alikuwa amemwambia Risten apumzike. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu ilikuwa imefika mahali ambapo zile mbili hazikuwahi kufika. Ilikuwa inacheza. Kila ilipocheza Risten alishukuru. Kila ilipotulia roho yake ilipanda mpaka kooni.

Niillas naye alikuwa na lake. Samoni. Alizaliwa kando ya mto ule, na kurudi Alta bila samaki mkubwa kwake ilikuwa aibu. Lakini samaki walikuwa wamemgomea.

"Bila wewe kwenye makasia, wananicheka," alisema jioni ile akiisukuma mashua ndefu majini.

"Wanakucheka kwa sababu unaimba."

"Naimba vizuri!"

"Waulize samaki, bwana."

Akacheka, akaanza kupiga makasia. Kisha akageuka na kupaza sauti, "Mwambie Sunná babake anarudi na chakula!"

Maana jina lilikuwa limeshapatikana, bila hata kikao. Sunná alikuwa mama yake Niillas. Alifariki majira ya baridi yaliyopita, na kwa watu wale marehemu hurudi nyumbani kwa jina la mjukuu. Risten alijua moyoni kwamba amebeba msichana. Alikuwa ameshamwita hivyo mara nyingi, usiku, mkono juu ya tumbo. Sunná. Lala, Sunná. Na mtoto alikuwa akiitika kwa teke.

Basi, akapanda kuokota kuni.

Pale mto unapopinda kulikuwa na kichaka cha miti ya mierebi, mifupi, imesongamana. Mbu wa huko hawana adabu hata kidogo. Walimfuata, wakamwingia masikioni na puani, naye akawatukana matusi yote aliyofundishwa na babake. Alikuwa na mzigo wa matawi makavu kwapani alipotambua kwamba anatukana peke yake.

Mbu walikuwa wameondoka.

Wote.

Hata mto ulisikika kwa mbali, kama unapita nyuma ya ukuta. Na kukawa na harufu. Maziwa... maziwa yaliyochacha, na sufu mbichi.

Kisha akasikia.

"Nyaaa..."

Mbweha, alijiambia. Vitoto vya mbweha hulia hivyo.

"Nyaaa... a... a..."

Hakuwa mbweha.

Kuni zilimdondoka. Alitaka kukimbia, na magoti yalikuwa tayari, lakini akajizuia. Kila mtoto wa Wasami, wenyeji wa kaskazini hiyo, anafundishwa la kufanya, kama wewe ulivyofundishwa kupiga hodi. Mtoto aliyezaliwa kwa siri na kutupwa porini kabla ya kubatizwa hapati usingizi. Huyo huitwa eahpáraš. Ukimkimbia, anakufuata mpaka kwako. Simama umpe jina, la kiume na la kike, maana hujui ni yupi. Umsomee Baba Yetu. Akilipokea, atalala.

"Kama u mvulana, uitwe Ándaras," Risten alinong'ona. "Kama u msichana, uitwe Ingá. Baba yetu uliye mbinguni..."

Kilio kikakatika.

Akasoma mpaka amina. Akashusha pumzi.

"NYAAA!"

Kilikuwa karibu zaidi.

Akatoa majina mengine. Lásse. Márggu. Akatoa ya babu zake na bibi zake, ya jirani, ya mwalimu wake wa kwanza. Kila jina lilitemwa kama chakula kilichopoa. Mbele yake nyasi zikaanza kulala. Kitu kidogo kilikuwa kinatambaa, hakionekani, nyasi tu zinainama na kuacha njia... kuelekea kushoto... kisha nyuma yake... kisha kulia. Kilikuwa kinamzunguka.

Hapo tumbo likakaza. Likawa gumu kama jiwe, na maumivu yakashuka kiunoni. Risten aliyajua maumivu yale. Yalikuwa yamemjia mara mbili, na mara zote mbili alirudi kutoka hospitali mikono mitupu.

"Siyo huyu," alisema, machozi yakimtoka. "Mungu wangu, siyo huyu. Unataka nini kwangu? Sema! Unataka nini?"

Kilio kikanyamaza.

Kilikuwa kinasubiri.

Na mdomo wake ukasema, kabla yeye mwenyewe hajakubali:

"Sunná."

Tumbo likalegea.

Kitu kikaegemea mguu wake, chini ya goti. Kilikuwa na uzito wa kichwa cha kichanga, na ubaridi wake ulipenya suruali. Akasikia pumzi ndefu, yenye mafua kidogo, ya mtoto anayepitiwa na usingizi. Hakuthubutu kutazama chini. Alisimama hivyo mpaka mbu wa kwanza alipomuuma shingoni, na hakuna mtu aliyewahi kufurahia kuumwa na mbu kama yeye siku ile.

Kutoka mtoni sauti ya mumewe ilikuwa inapasua anga. "Risten! Risteeen! Lete rungu!"

Alimkuta amelowa mpaka kifuani, amemburuta samaki kwenye kokoto, samoni mnene, ubavu wake ukimetameta. Niillas alikuwa anacheza huku na huku kama mtoto aliyepewa siku ya mapumziko.

"Umemwona? Umemwona mnyama huyu? Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, mara pap! Kaja mwenyewe, mke wangu, hata hakupigana! Ni Mama huyu. Mama Sunná katuletea—"

"Usilitaje hapa."

"Nini?"

"Hilo jina. Usilitaje hapa."

Niillas akamtazama, akaona uso wake ulivyopauka. "Haya. Mama kijacho ana mambo," alisema kwa upole, akachukua koti lake kavu akamfunika nalo. Usiku ule alichemsha samaki kwa viazi na chumvi. Alikula peke yake. Risten alisema kichefuchefu kimemrudia. Alilala akiwa amelishika tumbo kwa mikono yote miwili, na mtoto alicheza vizuri, lakini alipojaribu kumwita kama kawaida yake, alikosa neno la kumwitia.

Kesho yake walipita kwa Shangazi Ravna, wifi wa marehemu Sunná, anayeishi peke yake kilomita chache chini ya mto. Niillas alibaki nje akimkatia kipande cha samaki. Shangazi alimimina kahawa, akatia vipande vya jibini ndani kama desturi ya huko, akasukuma kikombe. Hakuuliza habari za safari.

"Mlilala pale mto unapopinda, penye mierebi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukamsikia."

Risten akakitazama kikombe chake.

"Mimi nimempa majina tangu sijaolewa," bibi yule alisema kwa sauti ya chini. "Mama yangu alimpa. Mchungaji mmoja alikwenda na kitabu, akarudi mbio bila kofia. Wanasema kulikuwa na msichana wa kazi, alikuja majira ya joto na tumbo akaondoka hana. Nani anajua? Ila majina yetu hayataki. Tunampa yale tusiyoyahitaji. Mtoto yeyote anajua kama alikuwa anangojewa au hakungojewa." Akaweka birika mezani. "Wewe ulimpa lipi?"

"Ingá," alijibu Risten.

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza."

Shangazi Ravna alimkazia macho. "Basi Ingá ni lake," alisema. "Alichopewa mtoto hanyang'anywi."

Niillas akaingia na samaki, akidai kahawa, na mazungumzo yakageukia uvuvi.

Mtoto alizaliwa vuli, msichana, mzima wa afya, ana nywele nyeusi tele. Niillas alilia mbele ya wauguzi wala hakuona haya. Na Risten, aliyengoja kwa miaka mingi kufurahi hivyo, alifurahi akiwa na jiwe moyoni.

"Tumwite Ravna," alisema walipofika nyumbani.

Niillas alidhani anatania. "Ravna? Shangazi yuko hai, tena ana nguvu kunishinda."

"Ni jina zuri."

"Na Mama?"

Angesemaje? Mama yako nimempa mtoto wa porini. Jina la mama yako linalala chini ya mierebi, na mimi ndiye niliyelilaza. Mara kadhaa alifungua kinywa, na kila mara aibu ilimziba. Niillas hakugomba. Aliumia, na mwanaume yule akiumia huwa mpole kupita kiasi, jambo ambalo ni baya kuliko ugomvi. Aliosha vyombo, akabembeleza mtoto, akawa haimbi. Siku moja aliuliza tu, mgongo ukiwa umegeuka, "Mama alikukosea nini, Risten?"

"Hakunikosea kitu. Nakuomba. Niamini."

Mwishowe akakubali. Ravna, basi.

Walimbatiza kwenye kanisa dogo la kule mtoni, kwa kuwa ndiko ukoo uliko. Ilikuwa tayari majira ambayo jua halichomozi. Adhuhuri ilikuwa na rangi ya buluu tu juu ya theluji. Ndani kulikuwa na mishumaa na harufu ya sufu iliyolowa. Risten alimbeba mtoto, Niillas ubavuni, Shangazi Ravna nyuma yao.

"Mtoto huyu anaitwa nani?" aliuliza mchungaji.

Risten alifungua mdomo. Lakini Niillas alikuwa ameuona uso wa mtoto kwenye mwanga wa mishumaa, kidevu kile, nyusi zile, vyote vya mama yake.

"Sunná," alisema. "Anaitwa Sunná."

"Hapana," Risten alinong'ona.

Mchungaji hakusikia. Maji yalikuwa yameshaanguka. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Sunná, nakubatiza..."

"Nisamehe," Niillas alimnong'oneza sikioni, mashavu yamelowa. "Nilijaribu. Nimeshindwa. Ni mama yangu."

Na nje, kwenye theluji, kitu kikaanza kulia.

"Nyaaa..."

Watu wakageuka. "Paka huyo," alisema mmoja. Mwingine akasema upepo, ingawa miali ya mishumaa ilikuwa imesimama wima. Shangazi Ravna akaushika mkono wa Risten kwa nyuma, vidole vikali kama koleo.

"Ulinidanganya," alinong'ona. "Ee mwanangu... ulinidanganya."

Kilio kilipita chini ya dirisha la kwanza. Kikapita la pili. Kililizunguka kanisa polepole, kwa mwendo wa mtu anayetambaa, na wala hakikuwa cha hasira. Hilo ndilo lililommaliza Risten nguvu. Zamani, pale mierebini, alikuwa hajui kukitofautisha kilio na kilio. Sasa alikuwa mama, alijua. Kilikuwa cha njaa. Kilikuwa cha mtoto aliyeamka akakuta amewekwa chini.

Kikafika mlangoni. Kikakaa hapo.

Mikononi mwake binti yake alikuwa amelala fofofo, ameshiba, midomo imefumba. Lakini kifuani mwa Risten gauni lilikuwa limelowa, na lilizidi kulowa. Maziwa yalikuwa yanamtoka.

"Mshike mwanao," Risten alimwambia mumewe, akampa mtoto, akaanza kutembea kuelekea mlangoni huku akifungua vifungo.