Mafuta ya Kumpeleka Kwao

"Nani anafukiza?"

Wakil aliuliza hivyo akiwa amelala chali chini ya gari. Mimi nilikuwa nimeshika pampu ya mkono, mpira wake umeingia kwenye tangi. Chetezo cha nyumba nilikuwa nimekificha mwenyewe, na makaa yake nimeyazamisha ndani ya ndoo ya maji. Nyumba nzima haikuwa na hata cheche.

Na udi ulikuwa unanukia.

Nianze mwanzo, maana mtaani kwetu hadithi hii inaelezwa vibaya, na inaelezwa vibaya kwa makusudi. Wanasema mimi, Riyama, nimepelekwa chuo nikarudi na ujuba wa kuchezea vitu nisivyovijua. Uongo. Mimi nilikwenda kuondosha petroli, na petroli naijua.

Nyumba yetu iko Amani. Ni nyumba ya marehemu ami yangu Himid, aliyetulea mimi na dada yangu Nassra. Ami alikuwa dereva wa teksi. Tangu afariki, teksi yake imekaa bandani nyuma ya nyumba, magurudumu yamekwisha pumzi, boneti imeota vumbi la kuandikia jina. Mjane wake, Bi Shemsa, hakuiuza na hakumruhusu mtu kuigusa. Lakini kila Alhamisi, jua likishazama, alikuwa akiingia bandani na chetezo, anashusha kioo cha nyuma kidogo, anafukiza udi ndani ya gari, kisha anatoka kinyumenyume.

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu tunafukiza nguo, tunafukiza nywele, tunafukiza vyumba. Mjane akifukiza gari ya mumewe, utamuuliza nini?

Kisha Nassra akajifungua, akaja kukaa arubaini yake nyumbani. Akapewa chumba cha nyuma kwa sababu kina choo chake. Chumba hicho na banda la gari vinagawana ukuta, na katikati ya ukuta kuna mlango mdogo wa mbao. Siku ya kwanza nilipoingia kumbeba Radhiya, kichanga chenyewe hakijafika hata uzito wa nazi mbili, nikanusa. Si udi. Harufu kali, chachu, kama vanishi iliyooza.

Nikaenda bandani, nikapiga magoti, nikatazama chini ya gari. Mpira wa tangi umelika. Petroli kuukuu inadondoka... tone... tone... na sakafu imeshafanya doa jeusi linaloelekea mlango wa Nassra.

Nikamfuata Bi Shemsa jikoni.

"Bi Shemsa, mvuke wa petroli hauendi juu kama moshi wa ubani. Unatambaa chini, unakwenda mpaka ukute moto. Na wewe Alhamisi unaingia mle na makaa mekundu. Nyuma ya ukuta kuna mtoto mchanga."

"Siku zote nafukiza. Imeripuka?"

"Siku zote ilikuwa haivuji!"

"Usinipigie makelele. Hapa si kwenye midahalo yenu ya chuo."

"Samahani, mama. Lakini hoja yangu hujaijibu."

Akashusha sauti mpaka ikawa kama anazungumza na sufuria. "Mafuta yale si yangu, mwanangu. Wala si yako."

"Ya nani basi?"

Akavuta mtandio wake, akatoka.

Sasa niambie. Mtu akikujibu hivyo, na mtoto amelala pale, utakaa kimya kwa heshima? Mimi sikukaa. Alhamisi iliyofuata Bi Shemsa alikuwa na hitima Mkunazini. Nikampigia simu Wakil, mwanawe wa pekee, anayeendesha watalii huko Paje, nikamwambia aje asubuhi na pampu ya mkono. Akaja baada ya alasiri, jua linaegemea, hana pampu, ana kipande cha mpira wa kumwagilia bustani.

"Pampu ya nini? Nanyonya kwa mdomo, dakika tu inashuka."

"Nyonya. Ikikuingia mapafuni nani atakupeleka hospitali, mimi nisiye na leseni?"

"Ndio hapo sasa! Huna leseni, unanifundisha gari."

"Na hiyo sigara sikioni?"

"Si haijawashwa!"

"Katupe nje ya geti. Na simu yako uiache huko huko."

"Hata simu?"

"Hata simu."

Akanipigia saluti. "Naam, Bi Mkubwa wa Zimamoto."

Nikamtuma akaazime pampu kwa fundi wa jirani. Hapo ndipo mchana ulipotuponyoka. Alipotokea nayo, vivuli vilikuwa virefu. Nilifikiria kuahirisha. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Bi Shemsa angerudi na kutafuta chetezo chake.

Kwa hiyo tukafanya, na tukafanya sawasawa. Milango mikubwa ya banda wazi, upepo unapita. Waya wa betri tumeufungua. Dumu la chuma, si la plastiki, na waya nimeufunga kutoka mwili wa gari mpaka kwenye dumu, umeme usije ukajikusanya ukaruka. Ndoo ya mchanga karibu. Nassra nimemwambia asifukize chochote chumbani, wala asiwashe hata kiberiti. Wakil akaingia chini na beseni la bati kukinga matone. Mimi nikazungusha pampu.

Mafuta yakatoka na rangi ya chai iliyolala. Yalikuwa mengi. Nilishangaa. Teksi ya kukaa tu, nani aliijaza mpaka juu?

Adhana ya magharibi ikapigwa. Ikaisha. Banda likaanza kuingia giza, na taa sikutaka iwashwe. Pampu ikaanza kunyonya hewa.

Khrrr... khrrr...

"Limekwisha hilo," Wakil akasema kutoka chini. Kisha: "Riyama, usiikalie gari. Mimi niko huku chini."

"Sijaikalia."

"Mbona imeshuka nyuma?"

Nilitazama. Kweli ilikuwa imeshuka, upande mmoja, kama gari inavyoshuka mtu mzima anapojisogeza kwenye kiti.

Ndipo udi ukanukia. Si mbali, si wa jirani. Ulitoka ndani ya gari, ukapita juu ya harufu ya petroli kama haipo.

"Nani anafukiza?"



Kisha nikasikia pete ikigonga kioo. Kwa ndani.

Ti... ti... ti.

Abiria anavyogonga akitaka kumwambia dereva kitu.

Niliinama kutazama, mkono bado kwenye pampu. Kioo kilikuwa na vumbi, sikuona kitu. Lakini sauti niliisikia. Sauti ya mwanamke, nyororo, ya mtu aliyesinzia njiani akazindukana.

"Tumefika?"

Wakil aliisikia pia. Aliniambia baadaye kuwa alidhani ni Nassra kasimama mlangoni, anatutania kwa kazi yetu ya jioni nzima. Na Wakil hana utani unaompita. Kabla sijafumbua mdomo alishajibu, kwa sauti yake ile ile ya kuwatania wageni wake wa Paje:

"Tumefika, bibie. Shuka."

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka.

Haukulia. Ulifunguka taratibu, kama unavyofunguliwa na mtu mstaarabu. Sikuona mtu. Niliona gari ikiinuka, nikasikia mchakacho wa kitambaa kizito, buibui la kizamani lile la kufunga, likiburuzika sakafuni. Likanipita. Udi ukanipita pamoja nalo. Baridi ikanigusa magotini, chini chini, pale pale nilipomwambia Bi Shemsa mvuke unatambaa.

Komeo la mlango wa Nassra likainuka lenyewe.

Niliacha pampu nikakimbia. Nassra alikuwa amejilaza ubavu, macho mazito, Radhiya yuko kifuani pake.

"Taratibu, utamwamsha," akaninong'oneza. "Bi Shemsa karudi mapema leo?"

"Hajarudi. Kwa nini?"

"Kaja sasa hivi kumnusa mtoto. Kamnyanyua, kamnusa shingoni, kamrudisha."

"Kenda wapi?"

Nassra akanyoosha kidole kwenye pembe ya chumba, nyuma ya kabati. Pale pana ukuta tu.

Bi Shemsa aliporudi hakuuliza chetezo. Alisimama mlangoni mwa banda, akaona dumu limejaa, akaona mlango wa nyuma uko wazi, akakaa chini sakafuni na buibui lake jipya.

"Nani kamshusha?" akauliza.

Wakil, mtu mzima na ndevu zake, akajificha nyuma yangu.

Bi Shemsa akatueleza. Ami Himid alikuwa anatoka Kizimbani jioni moja, kwenye mikarafuu, mwanamke akamsimamisha. Kapanda nyuma. Kasema, "Nipeleke kwetu." Ami akamuuliza kwao wapi. Hakujibu. Kamwambia aendeshe tu, atamwambia pa kushuka. Ami akaendesha. Ami kafika Paje, mwanamke hakusema kitu. Kageuza, kakamata njia ya kaskazini mpaka barabara ikaisha, hakusema kitu. Kila Ami akitazama kioo alimwona kakaa vile vile, uso kaugeuzia dirishani, anatazama nyumba za watu. Mafuta yakakaribia kwisha. Ami akapita kituoni, akajaza tangi mpaka juu, akitumaini akirudi garini amkose.

Hakumkosa.

"Akaja naye hapa," Bi Shemsa akasema. "Kaingiza gari bandani, kamwambia, 'Nisubiri nikasali, kisha nitakupeleka. Tangi limejaa.' Kaingia ndani, kalala na homa. Hakuinuka tena. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa hayo: mwambie tangi limejaa, mwambie tutaondoka, mpe moshi asichoke kungoja."

"Kwa hiyo ulikuwa unamdanganya," nikasema.

"Nilikuwa namsubirisha. Mtu akijua mafuta yapo, hukaa kitini. Nyinyi mmeyatoa. Kisha mmemwambia hapa ndipo kwao."

Lakini mimi hoja yangu bado ni ile ile, na nitaisema mbele ya mtaa mzima wakitaka: tangi lilikuwa linavuja, makaa yalikuwa yanaingia, mtoto alikuwa nyuma ya ukuta. Kama tungeacha, leo tungekuwa tunahesabu maiti. Anayeniambia niliona moja nikaacha jengine, yeye aniambie lile jengine nani alinieleza kabla! Watu wazima wanaficha jambo, wanaliita heshima, kisha likiripuka wanatafuta msichana wa kumlaumu.

Hasira lakini haimsaidii Radhiya.

Tangu siku ile mtoto halii magharibi. Watoto wote wa mtaa wanalia saa ile, yeye ananyamaza, anageuza shingo yake laini kuelekea pembe ya kabati, anatabasamu. Titi halishiki mpaka isha ipite. Nassra akimnusa, nywele zina udi, na chumbani hatufukizi tena. Hospitali wamempima, wamesema hana kitu ila uzito unashuka. Sheikh amekuja, amesoma, kisha akatuambia neno moja: mgeni haondoki kwa kufukuzwa kama hajui njia ya kwao.

Tumejaribu kumrudisha garini. Wakil ametia mpira mpya na petroli mpya, ameita fundi. Injini imekwama, haitaki. Mlango wa nyuma tumeuacha wazi, na Bi Shemsa amefukiza, amebembeleza, amelia. Gari haijashuka hata kidogo. Kwa nini arudi? Kaambiwa kafika.

Isipokuwa naye nadhani ameanza kugundua kuwa hapa si kwao. Jana jua lilipozama nilikuwa nimekaa na Nassra, namfunga Radhiya kanga. Pembeni, nyuma ya kabati, ile sauti nyororo ikauliza:

"Tunaondoka lini?"

Nassra alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Sote wawili tulisikia. Hakusema naondoka. Kasema tunaondoka. Na Radhiya, mtoto wa siku za kuhesabika, akainua mikono yake miwili kama anayetaka kubebwa.

Wakil gari ya watalii amenyang'anywa, tajiri wake amesikia habari. Madereva wa mtaani wakituona tunakuja wanapandisha vioo. Siwalaumu... hapana, nawalaumu, lakini siku nyengine.

Ndiyo maana nakueleza wewe.

Kama una gari, na tangi lako limejaa, njoo Amani Alhamisi hii kabla adhana ya magharibi haijaisha. Simama nje ya banda letu, fungua mlango wa nyuma, useme kwa sauti kwamba unakwenda. Usimuulize anakwenda wapi. Ukiona gari imeshuka upande mmoja, funga mlango, elekea Kizimbani, kule kwenye mikarafuu alikopandia.

Ila kabla hujatia gia, nakuomba, tazama kiti cha nyuma. Hakikisha kapanda peke yake.