Kafuri Kwenye Gundi

Gundi mpya ilinuka kafuri. Roswitha aliinusa asubuhi ileile aliyovishwa pete ya uchumba na Wendelin, fundi mkuu wa karakana, mgane wa miezi michache.

Karakana yao, nje ya Hanover, zamani ilitengeneza makabati. Sasa ilitengeneza mbawa za mbao za ndege ya kivita ya usiku. Kiwanda cha gundi ya zamani kiliteketea kwa mabomu, na tangu ije hii mpya, mbawa zilikuwa zikibanduka. Wahandisi walisema ina asidi, inakula mbao. Haya, wasomi wana lugha yao. Lakini mbona zilibanduka zile tu alizopaka Roswitha? Naye alikosa usingizi, kwa sababu rubani wa majaribio alikuwa Eckart, kaka yake wa pekee.

“Marehemu mke wangu, Ottilie, alisuguliwa kafuri kifuani mpaka anakata roho,” Wendelin alimnong’oneza, uso umempauka. “Ni yeye. Alikuwa akizionea wivu hata mbao, sembuse wewe.”

Wakamwendea Bibi Kunigunde, mwosha maiti wa mtaani. Aliuliza jambo moja: marehemu alipokata roho, dirisha lilifunguliwa ili roho yake itoke? Halikufunguliwa. Ulikuwa usiku, taa inawaka, na mwanga ukionekana nje unauitia mtaa mabomu.

“Basi umejifungia naye ndani, baba. Mfungulie, umuage kwa heshima. Na huyu mchumba wako akae mbali.”

Roswitha hakukaa mbali. Naye wivu ulikuwa umemshika, alitaka kumwona mwenzake akitoka. Adhuhuri Wendelin alipofungua dirisha la chumbani, Roswitha alijipenyeza mbele yake.

“Nenda, dada,” alisema taratibu. “Sasa ni wangu.”

Pazia likavutwa nje, harufu ya kafuri iliyojaa chumbani ikatoweka, na juu ya mapaa ndege ya Eckart ikasikika ikipita, halafu mbao zikaanza kulia kulekule juu, kwanza polepole kama mlango wa kabati kuukuu, kisha kwa fujo, ubao baada ya ubao, mpaka ubawa ukachanika na ndege ikabinuka na kuzama nyuma ya misonobari, Roswitha akitazama.

Alimwita kaka yake. Wendelin akanyoosha mikono kufunga dirisha, lakini harufu ilikuwa imesharudi ndani, na mikono baridi ikamkumbatia Wendelin kiunoni kutoka nyuma.