Posa Iliyofika Saluni

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya tarehe 10 Juni 2023, kijana mmoja aliweka propela ya mashine ya boti juu ya benchi la wakala wa simu katika stendi ya Kibiti, na grisi yake ikagusa baibui la msichana aliyekaa pembeni.

Stendi ilikuwa imejaa. Mabasi ya kusini yalikuwa yanapakia, wauza korosho wakinyoosha mikono madirishani, na foleni ya wakala ilikuwa haisogei kwa sababu mtandao ulikuwa chini. Msichana alikuwa amevaa mtandio wa rangi ya bizari, umebanwa kwa pini moja tu chini ya kidevu. Kijana alikuwa na shati la kaki lililopauka mabegani na kofia iliyoshonwa kwa mkono.

"Samahani, dada. Nitalifua mwenyewe."

"Baibui jeusi, grisi nyeusi. Utafua nini?"

"Dhambi yangu."

"Hiyo haitoki kwa sabuni ya mche, kaka."

Kijana alitazama vidole vya msichana. Vilikuwa vyeusi kwa piko, ile rangi wanayochorwa maharusi mikononi na miguuni. Akamuuliza kama naye ni fundi wa mashine. Msichana akasema ndiyo, ila mashine zake hulia zikishatengenezwa, maana siku ya pili yake hupelekwa kwa waume.

Aliitwa Tasnim, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, mtoto wa mkulima wa Mloka, mchoraji wa hina na piko katika saluni ya Bi Muzdalifa. Kijana aliitwa Azan, fundi wa mashine za boti huko Nyamisati, na alikuwa amekuja mjini kutafuta vipuri. Mtandao uliporudi, walikuwa wameshapeana namba.

Saluni ilikuwa na vioo vitatu, makochi mawili na kibati cha biskuti. Ndani ya kibati hicho wafanyakazi waliweka simu zao saa mbili asubuhi, na walizichukua saa kumi na mbili jioni. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Miaka mitatu nyuma, Bi Muzdalifa alikuwa amemuahidi baba yake Tasnim kwamba atamtunza binti huyo kama mwanawe, akampa chumba nyuma ya saluni. Mbele ya wateja alimwita mwanangu. Wakiondoka, alimwita wewe. Mwezi wa Mei, Tasnim alichora maharusi wawili akiwa na homa, huku ndoo ya kutapikia iko miguuni pake. Maharusi walikuwa wanamtaja kwa jina. Wengine walisogeza siku ya harusi ili wampate.

Azan alipiga kila jioni dakika chache baada ya kibati kufunguliwa.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula harufu ya dawa ya nywele tangu asubuhi."

"Njoo Nyamisati ule kamba."

"Nije kama nani?"

Azan akasema swali hilo hajibu yeye, watajibu wazee wake.

Wazee walikuja Jumapili, tarehe 20 Agosti, saa tano asubuhi. Alikuwepo Mzee Sadala, baba mdogo wa Azan, pamoja na jirani yake mmoja, wote wamevaa kanzu zilizopigwa pasi. Hawakwenda moja kwa moja Mloka. Binti anayekaa mikononi mwa mtu, desturi inataka yule anayekaa naye aulizwe kwanza, ndipo njia ya kwenda kwa wazazi ifunguliwe. Tasnim hakuwepo. Saa tatu Bi Muzdalifa alikuwa amemtuma kijiji cha Mahege kuchora harusi.

Bi Muzdalifa aliwakaribisha chumba cha nyuma, akawapa kahawa, akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema wamechelewa, binti ameshaposwa kwao Mloka na mahari imeshazungumzwa.

Hakuna aliyekuwa amemposa Tasnim. Lakini wazee walikuwa watu wa dini, na dini yao inakataza mtu kuposa juu ya posa ya mwenzake. Kuendelea kuuliza kungekuwa kuchungulia nyumba ya wengine. Waliomba radhi, wakaacha kahawa nusu vikombeni, wakaondoka. Hawakumuuliza binti. Hawakumpigia baba yake. Ashura, msusi mwenzake Tasnim, aliyekuwa amepeleka kahawa ile, aliamriwa na Bi Muzdalifa asimwambie mtu.

Azan alishika adabu ileile. Kumpigia simu mwanamke aliyeposwa ni aibu. Alituma ujumbe mmoja: "Mola akujaalie kheri. Usinipigie tena." Kisha akaifungia namba ya Tasnim.

Tasnim aliusoma ujumbe huo saa kumi na mbili na robo jioni, akiwa ametoka Mahege. Alipiga mara tisa. Kwa siku tatu zilizofuata alifanya kazi bila kusema na wateja, na mmoja akalalamika kwamba mchoraji amenuna. Alidhani ameachwa kama wanavyoachwa wengine, na kwa kuwa alikuwa na kiburi chake, hakumtuma mtu Nyamisati kuuliza.

Ijumaa ya tarehe 6 Oktoba, Azan alifunga ndoa na Hafsa, binti wa jirani, aliyechaguliwa na mama yake Azan.

Ashura alivumilia karibu miezi miwili. Jumapili ya tarehe 15 Oktoba, alipomsikia Tasnim akisema kwamba wanaume wa mwambao ni maji ya kupwa, alishindwa. Alimweleza kuhusu wazee wawili, kanzu na kahawa. Walichoambiwa hakukisikia.

Kesho yake asubuhi, Tasnim alimuuliza Bi Muzdalifa mbele ya wateja watatu.

"Bi Muzdalifa, mwezi wa nane kuna wazee walikuja kwa ajili yangu?"

"Walikuja wengi. Hapa ni dukani."

"Waliovaa kanzu, wakanywa kahawa."

Bi Muzdalifa aliendelea kupanga rola za nywele kwenye sinia. "Mtoto wa kike hafuatilii wanaume waliomfuata. Ingekuwa kwa baba yako, ungeuliza hivyo?"

"Ningemuuliza aliwajibu nini."

"Basi chukua vitu vyako ukamuulize yeye."

Tasnim alipewa saa moja ya kutoka chumbani. Alipewa pia karatasi iliyoandikwa kwa mkono: ameondolewa kwa kosa la kuleta wanaume mahali pa kazi. Mchana huohuo picha ya karatasi hiyo ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la simu la wenye saluni za Kibiti.

Mchoraji wa hina huingia vyumba vya ndani. Humshika miguu binti wa watu, huonyeshwa nguo za harusi, hukaa na siri za nyumba. Kwa maneno yale hakuna mama ambaye angemfungulia mlango. Saluni mbili zilimkataa siku ileile, na mama mmoja wa harusi alituma mtu kusema kwamba wameahirisha. Harusi haikuahirishwa.

Ashura alimhifadhi kwa dada yake. Mwalimu mmoja, mteja wa zamani wa Tasnim, alimweleza kwamba mfanyakazi aliyefukuzwa ana siku thelathini za kupeleka shauri kwa wasuluhishi wa migogoro ya kazi, na mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Alimuuliza anadai nini. Tasnim akasema anadai karatasi ile ifutwe. Mwalimu akasema basi atafutwe mmoja wa wanaume hao, aseme alikuja kufanya nini.

Aliyewahi kumtajia wazee ni Azan peke yake, kwa hiyo Jumatano ya tarehe 25 Oktoba, saa tano asubuhi, Tasnim alishuka Nyamisati. Boti ya Mafia ilikuwa inapakia, na watu walikuwa wanapitisha magunia vichwani. Aliwaulizia wazee wa Azan, akaambiwa Mzee Sadala hayupo. Aliyemkuta chini ya banda la mabati ni Azan, mashine ikiwa wazi mbele yake.

Azan aliweka spana chini. Alimuuliza habari za mumewe.

"Mume yupi?"

"Wa Mloka."

Ilichukua kama dakika kumi kupanga mambo yote: nani alisema nini, tarehe gani, kwa nani. Tasnim aliuliza maswali mafupi na Azan akayajibu. Lililobaki Azan alilisema mwenyewe, akiwa ameinamia mashine. Alikuwa ameoa, siku kumi na tisa zilizopita.

Tasnim alikaa juu ya dumu la mafuta. Mtandio ulimteleza, hakuurekebisha.

"Hukuniuliza, Azan."

"Nilifuata dini. Mtu haposi juu ya posa ya mwenzake."

"Ulifuata nusu. Dini hiyohiyo inasema ukiletewa habari, uichunguze. Namba yangu ulikuwa nayo. Nilipiga mara tisa."

"Niliona aibu."

"Aibu yako imenila mimi."

Azan alilia bila sauti, akajifuta kwa mkono wenye grisi, akabaki na alama shavuni. Alisema jambo halijaharibika lote. Ana nafasi ya kuoa mke wa pili. Kesho angewapeleka wazee Mloka, moja kwa moja kwa baba yake Tasnim, bila kupita kwa mtu.

"Nakuposa sasa hivi, mahabuba, kwa mdomo wangu."

"Na Hafsa?"

"Hafsa ni mwelewa."

"Hafsa amekosa nini?" Tasnim alisimama, akaufunga mtandio. "Mimi watu walikaa chumba cha nyuma wakaamua mambo yangu nikiwa sipo. Unataka tukae hapa tumfanyie mwenzangu hivyohivyo, wiki ya tatu ya ndoa yake?"

"Unanikataa?"

"Nakukataa. Na nakupenda, ili usije ukaambiwa vingine na mtu."

Kisha akamweleza lililomleta. Anamhitaji Mzee Sadala aje aseme kweli mbele ya msuluhishi. Azan aliahidi kumleta mwenyewe.

Shauri lilipokelewa tarehe 30 Oktoba, siku ya kumi na nne tangu Tasnim aondolewe. Lilisikilizwa Jumanne, tarehe 21 Novemba, saa nne asubuhi, katika chumba cha kuazima mjini Kibiti. Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyeandika polepole. Bi Muzdalifa alikuja na baibui la hariri na manukato yaliyojaza chumba. Alisema alimlea binti yule, na binti akamlipa kwa kugeuza saluni kijiwe cha wanaume.

Msuluhishi aliuliza wanaume gani. Bi Muzdalifa akasema hajui majina yao.

Mzee Sadala aliitwa ndani. Alieleza kwamba ana miaka sabini na moja, kwamba alikuja na jirani yake mchana kweupe kuulizia mchumba wa mwanawe, na kwamba mwenye saluni aliwapa kahawa na kuwaambia binti ameshaposwa. Akaongeza kwamba alitakiwa aende Mloka na hakwenda, na kosa hilo ni lake, si la mtoto yeyote.

Msuluhishi alimgeukia Bi Muzdalifa, akamuuliza kama maneno hayo ni ya kweli.

"Harusi sita zilikuwa zimeshamlipia," alisema Bi Muzdalifa. "Angeolewa Nyamisati, nani angezichora?"

Msuluhishi aliandika. Kisha akamgeukia Tasnim.

"Tarehe 20 Agosti ulikuwa umeposwa?"

"Hapana."

"Umewahi kuposwa?"

"Mara moja. Baadaye."

"Ukajibu nini?"

"Nilikataa."

Msuluhishi alimtazama juu ya miwani, akaacha hapo. Makubaliano yalitiwa saini saa saba na nusu mchana. Bi Muzdalifa alikiri kwa maandishi kwamba kosa lililotajwa halikutendeka, na kwamba atatuma maelezo hayo kwa kila aliyemtumia yale ya kwanza. Alimwambia Tasnim, kwa sauti ya chini, kwamba chumba chake bado kipo. Tasnim akasema asante, hatarudi. Aliomba nakala mbili za barua, moja ya kumpelekea baba yake.

Nje, Azan alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alisimama alipomwona.

"Nimemuuliza Hafsa," alisema. "Nimemweleza yote, tangu stendi. Amekubali."

"Alisema nini hasa?"

"Alisema kama nilianza na wewe, yeye atasogea."

"Alilia?"

Azan aliokota kofia yake ngumu ya pikipiki kutoka kwenye ngazi.

"Azan, nakuuliza. Alilia?"

"Usiku kucha."

"Basi mwenzangu ameshajibu."

Azan alinyoosha mkono, kisha akaurudisha kabla haujamfikia. Mzee Sadala alitoka mlangoni akishika ukuta. Tasnim alimbusu mkono, akamshukuru, akamwomba asijilaumu. Mzee alimuuliza kama ana neno la kumpa Azan. Tasnim akasema hana, ila Hafsa apelekewe salamu zake.

Saa nane kasoro dakika kumi Azan alimpandisha baba yake mdogo kwenye pikipiki, akampa kofia yake ngumu, na wakashika barabara ya Nyamisati.