Vigae Thelathini vya Korido

Leo umepiga hatua ngapi? Na katika hizo zote, ni ipi unayoikumbuka? Usione haya kama hukumbuki hata moja. Mimi nimefika uzeeni bila kujua kwamba kisigino changu hutua kabla ya vidole. Aliyenionyesha ni jirani yetu, na sababu ilikuwa binti yangu.

Binti yangu ni mkataji wa nguo katika karakana ya kushona sare za manesi. Wenzake wengi hukaa kwenye vyerehani. Yeye husimama kwenye meza ndefu. Hutandika kitambaa tabaka sita, akaweka juu yake karatasi ngumu yenye umbo la mkono au la mgongo, akaizungushia chaki, kisha akakata.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, yaani mume wangu. Mzee alikuwa na sheria moja. "Mkasi ukishaingia kwenye kitambaa, mkataji haitiki, hata aitwe na nani." Maana ukigeuza shingo, na mkasi unageuka. Binti alipokuwa mdogo, baba akimwita, alijibu kutoka mbali, "Abee, baba!" Lakini akiwa na mkasi mkononi alinyamaza kimya, na baba yake alicheka kwa furaha.

Mzee alifariki miezi minane iliyopita. Moyo ulisimama mchana, akiwa kwenye kiti chake. Tulilia, tukazika, tukarudi kwenye shughuli zetu. Mimi usingizi ulinirudia. Binti yangu haukumrudia. Alikula vijiko viwili, akasukuma sahani. Ukimsemesha leo, anajibu ulilouliza jana. Na kulikuwa na neno limemkaa kooni. Nililiona kwa macho yangu. Alifungua kinywa akasema, "Mama..." Nikageuka kumsikiliza. "Basi tu. Chumvi iko wapi?" Na chumvi yenyewe iko mbele yake.

Siku moja alirudi mapema, mfuko kwapani. Akaumwaga kitandani. Ilikuwa mikono ya sare, kumi na miwili.

"Itazame vizuri, mama."

Nikavaa miwani. Nikaipanga miwili miwili. Haikukubali kupangika. Yote ilikuwa ya kushoto.

"Unakata wa kushoto," alisema, "halafu unaigeuza ile karatasi, unakata wa kulia. Sikuigeuza. Nimekata huku nikiangalia, mama, na sikuona."

"Msimamizi amesemaje?"

"Ameuliza, manesi wa siku hizi ni watu, au ni kaa wenye gando upande mmoja?" Binti hakucheka. "Hii ni mara ya tatu. Nikikosea tena ananitoa mezani, ananipeleka kushona vifungo."

Mkataji kupelekwa kwenye vifungo ni kama dereva kupewa ndoo aoshe gari. Na mkasi ule ulikuwa wa baba yake. Nikajua, akinyang'anywa meza, atakuwa amefiwa mara ya pili.

Mlango wetu umetazamana na mlango wa Mama Barua. Tunamwita hivyo kwa sababu alipeleka barua kwa miguu miaka thelathini, mpaka akastaafu. Kila asubuhi yeye hutembea kwenye korido yetu, peku, polepole mno. Mimi nilidhani ni magoti. Hata mafuta ya kuchua nilishampelekea.

Siku ile alisikia kilio cha binti, akapiga hodi. Akaiona mikono kitandani. Hakusema pole nyingi.

"Kesho kabla ya kazi njoo koridoni, mwanangu. Njoo na miguu tu."

Asubuhi binti alivua viatu. Korido yetu ina vigae thelathini, toka ngazi mpaka dirishani.

"Tembea mpaka dirishani," alisema Mama Barua.

Binti akaenda mbio mbio, akarudi. "Nimefika, tayari."

"Hujafika wewe. Miguu ndiyo imefika. Wewe ulikuwa wapi?"

Binti akaitazama miguu yake. Kisha akasema, "Nilikuwa kazini."

"Umeona? Umefika kazini kabla ya kunywa chai. Mimi nilipeleka barua miaka kumi hivyo hivyo. Mwili mtaa huu, akili mtaa ule. Nilikuwa silali, moyo unapiga kama mtu anatwanga. Nesi wa zahanati ndiye aliyenifundisha. Sasa nisikilize. Hatua moja ni kazi nzima. Inua mguu, ujue unauinua. Upeleke mbele. Kisigino kinatua. Ubavu wa unyayo unafuata. Halafu vidole, kimoja kimoja. Pumua kama kawaida. Mguu huo ukishatua, ndipo wa pili uanze safari."

"Na mawazo yakija?"

"Yatakuja! Kwani yana mlango wa kubisha? Usipigane nayo. Litaje wazo, ulipite. Sema, 'kazi.' Sema, 'hofu.' Kisha rudi kwenye unyayo. Yakija mara mia, rudi mara mia. Huko kurudi ndiko dawa."

Binti akaanza. Nilimtazama. Vigae vitano, uso ukakunjamana. "Hofu," akanong'ona. Akarudi kwenye unyayo. Alipofika dirishani maji ya chai yalikuwa yamechemka mpaka kumwagika jikoni, na kunitia aibu.

"Na wewe, bibi," Mama Barua akaniambia, "toa hizo ndara."

Nikazitoa, kwa kumridhisha tu. Nikainua mguu, nikauweka chini.

Jamani, nitaelezaje? Kigae kilikuwa cha baridi, na ile baridi ilipanda kidogo kidogo, kutoka kisiginoni mpaka kwenye kidole gumba. Uzito wangu wote ulihama kutoka upande huu kwenda upande ule, taratibu, kama maji ndani ya mtungi. Vidole vilijikunja vyenyewe kushika sakafu. Sikuviamuru.

"Mguu mmoja una mifupa ishirini na sita," alisema Mama Barua kwa sauti ndogo. "Nesi alinionyesha kwenye picha."

Ishirini na sita! Nikasimama palepale. Miguu hii ilinipeleka shule miaka saba. Ilibeba mimba. Ilisimama makaburini. Na mimi nilikuwa sijawahi hata kuisalimu. Machozi yalinitoka, wala sikuwa na huzuni.

"Dakika kumi kila siku zinatosha," alisema jirani yetu. "Lakini sikieni. Kutembea huku hakuchukui nafasi ya daktari. Ukizidiwa, au ukaona huna hamu ya kuishi, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usione haya. Mimi mwenyewe nilianzia huko."

Wiki ya kwanza binti alilalamika. "Mama, akili yangu ni soko." Wiki ya pili akasema soko lina watu wachache. Wiki ya tatu alimaliza sahani, akaomba nyongeza. Nikageuka upande, asinione ninavyotabasamu.

Kazini alifanya jambo lake mwenyewe. Kabla ya kukata, aliizunguka meza mara moja, hatua kwa hatua, akiusikia unyayo ndani ya kiatu.

"Umepoteza sindano?" aliuliza msimamizi, na vyerehani vyote vikacheka.

"Naitafuta akili yangu, bosi. Nikiiona nitakwambia."

Siku hiyo hiyo, akiwa upande wa pili wa meza, alisimama ghafla. Chaki ilikwisha kuchorwa. Mkasi ulikuwa tayari. Na ile karatasi ya mkono haikuwa imegeuzwa. Alama zote mbili zilikuwa za kushoto. Wakati anachora hakuona. Wakati anatembea, aliona.

Akafuta chaki kwa kiganja, akageuza karatasi, akachora upya. Msimamizi alikuwa amesogea karibu. Alitazama meza, akamtazama na yeye.

"Kesho wote mtaizunguka," akawaambia wakataji wengine wawili. Akaondoka. Habari ya vifungo haikutajwa tena.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini neno lilikuwa bado kooni.

Asubuhi moja tulikuwa koridoni, yeye mbele, mimi nyuma. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kulala sakafuni. Nilimsikia akinong'ona, "Hofu." Akapiga hatua. "Hofu." Hatua nyingine. Kisha akasema neno jipya. "Baba."

Akasimama kwenye kigae cha kumi na tisa. Hakugeuka.

"Mama. Siku ile baba alinipigia simu. Mara mbili. Niliiona inawaka mezani. Mkasi ulikuwa kwenye kitambaa, sikupokea. Nikasema nitampigia jioni." Akaegemea ukuta. "Aliniita akiwa anakufa, mama. Na mimi sikuitika."

Miezi minane amebeba jiwe hilo, na mimi ninampa chumvi!

Nikamfikia. Sikukimbia. Nilitembea kila kigae.

"Nani kakwambia alikuwa anakufa? Nilikuwa nimekaa naye. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alitaka umnunulie betri za redio."

Akageuka. "Betri?"

"Betri mbili, zile ndogo. Uliponyamaza mara ya pili, akaiweka simu chini, akacheka. Akasema, 'Hapokei. Mkasi uko kwenye kitambaa. Huyo ndiye mwanangu.' Akamalizia chai yake. Moyo ulisimama saa saba."

"Alicheka kweli?"

"Alicheka mpaka chai ikamwagikia shati. Shati lenyewe ninalo, doa bado lipo."

Akafuta uso kwa kiganja. Kisha akavuta pumzi, na pumzi ile ikaenda mbali, mpaka nikaona vidole vyake vya miguu vinalegea sakafuni. Akageukia dirisha. Akainua mguu. Kisigino, ubavu, vidole. Akaingia kwenye ule mwanga wa jua, akasimama.

Na kwa sauti ile ile ya utotoni, ile ya kujibu kutoka mbali, akasema:

"Abee, baba. Nipo."