Namba Zimelingana

Philbert alitoka kwa jirani yake, mwalimu Goodness, giza likianza kuingia na ukungu ukipanda kutoka bondeni. Alikuwa amekumbatia kompyuta ya kuazima kama mwanamume aliyekabidhiwa kichanga kwa mara ya kwanza. Hatua fupi. Shingo imekakamaa. Mbwa wa kule Tosamaganga hubwekea kila kinachopita, lakini jioni ile walimtazama tu, labda kwa huruma.

Shida ilikuwa simu yake. Humo ndani kulikuwa na sauti ya marehemu mkewe, Verediana, akiimba wimbo wa kwaya huku anasonga ugali. Rekodi hiyo moja tu. Na simu ilikuwa mahututi: tundu la kuchajia limekufa, waya haushiki, na fundi wa Ipogolo alishamwambia kwamba chaji iliyobaki ikiisha, haitawaka tena. Ilibaki njia moja, kuurusha wimbo ule kwenye kompyuta kwa bluetooth kabla simu haijakata roho.

Goodness alikuwa amemwelekeza taratibu, kama anavyofundisha darasa la kwanza. Washa huku, washa na huku, chagua jina la simu, namba itatokea pande zote mbili.

"Namba zikilingana, kubali," alisema. "Zisipolingana, baba Eveline, achana nayo. Hiyo ni simu ya mtu mwingine."

Philbert alicheka. Mtu gani? Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, baada yake ni mipaina tu. Baada ya msiba, binti yao Eveline alirudi kwa mumewe Mbeya, na baba mtu akabaki anabishana na mtangazaji wa redio ili mezani kuwe na mazungumzo. Na kila siku alikuwa anashindwa.

Aliweka kompyuta mezani, karibu na dirisha la nyuma. Akawasha. Kompyuta ikatafuta... ikatafuta...

Majina mawili.

La kwanza, Philbert. La pili, Mama Eveline.

Hilo ndilo jina ambalo Verediana aliipa simu yake. Na simu hiyo ilikuwa kaburini. Mama mkwe ndiye aliyeiweka kiganjani mwa marehemu kabla jeneza halijafungwa, maana mpaka mwisho binti yake alikuwa analia kwamba anaogopa kukaa peke yake. Waombolezaji wa nyuma walinong'onezana ni nani atakayemtumia vocha. Wakacheka kichinichini, wakaimba, wakafukia.

Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Kaburi lilikuwa hapo hapo nje ya dirisha, chini ya mparachichi. Lakini tangu siku ile mahindi yameshapandwa na kuvunwa. Betri gani hiyo?

Akajituliza. Verediana aliwahi kumrushia Goodness nyimbo za kwaya kwenye kompyuta hii hii. Huenda kompyuta imelikumbuka jina tu. Akabonyeza Philbert.

Imeshindikana.

Akazima, akawasha. Akafuta, akaanza upya. Akasogeza simu mpaka ikagusana na kompyuta, akaibembeleza kama mbuzi anayegoma kuvuka mto. Imeshindikana. Alama ya chaji ikawa nyekundu.

Kisha simu ikatetemeka mkononi.

Mama Eveline anaomba kuunganishwa. Chini yake, namba.

Harufu ya udongo mbichi iliingia dirishani. Na sauti... nzito, kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.

"Nne..."

Philbert alitazama kioo. Nne.

"Saba... saba... moja..."

Ilikuwa sauti ya Verediana. Ile ile, na kile kikohozi chake kidogo. Aliisoma namba mpaka mwisho, bila kukosea.

Angeweza kukataa. Chaji ilibaki kiduchu, lakini kompyuta ilikuwa hapo, angejaribu mara ya mwisho. Ila miezi yote ile hapakuwa na mtu aliyemwomba Philbert chochote.

"Uko peke yako, mama Eveline?" alinong'ona.

"Ndiyo."

Akabonyeza kubali.

Simu haikuuliza itume nini. Iliandika tu kwamba sauti inatumwa. Inatumwa... Ubaridi ukamshuka kooni, kama amekunywa maji ya mtoni asubuhi ya Juni.

Sauti imetumwa.

Kioo kikazima.

Kisha, chini ya mparachichi, wimbo ukaanza. Verediana aliimba ubeti wa kwanza. Kwenye kiitikio akaingia mwanamume mwenye besi iliyopinda, besi ambayo mwalimu wa kwaya aliwahi kuiomba, kwa heshima zote, ikapumzike. Philbert aliijua besi hiyo. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili ili apate uhakika.

Besi iliendelea.

Asubuhi Goodness alipofuata kompyuta yake, alikuta mlango wazi na mwenye nyumba ameketi pale pale mezani, macho makavu.

"Shikamoo, baba Eveline."

Philbert aligeuka. Akafungua mdomo. Midomo ikacheza, ulimi ukacheza, mishipa ya shingo ikasimama... Hakikutoka kitu.

"Marahaba, mwalimu," akajibiwa, kwa besi, kutoka nje ya dirisha la nyuma.